Nilizunguka mtaa mzima kuomba sahihi, kumbe nilikuwa naifuta zahanati

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko maana naandika kwa vipande, mtoto akilala naandika, akiamka naacha, na leo ni siku ya tatu niko kwenye barua hii hii moja. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo ana miezi mitano, shule niliishia kidato cha nne, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu hapa nyumbani, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Tunaishi kwa baba mkwe. Mama mkwe sikumkuta, alifariki kabla sijaolewa.

Nianze na kiwanja chenyewe ili unielewe. Zamani eneo letu lote lilikuwa mashamba, mji ulipolifikia wakaja watu wa mipango miji wakaita mkutano, kila mwenye shamba akakubali kumegwa kidogo ili zipatikane barabara na sehemu za huduma, na baba mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa na wapima ardhi kazi ya kuvuta mnyororo wa kupimia, ndiyo maana mpaka leo watu wanamwita Mzee Mnyororo, alisimama mwenyewe bila kuombwa akasema kona ya shamba lake iwe zahanati, watu wakapiga makofi, ikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na kwenye ramani ya mtaa iliyobandikwa ofisini ile kona imepakwa rangi yake peke yake na neno zahanati limeandikwa juu yake. Hiyo ni miaka kumi na saba sasa. Zahanati haijajengwa. Pamebaki uwanja mtupu, watoto wanacheza mpira, watu wanaanika nguo, mimi mwenyewe nina kamba zangu mbili pale, na baba mkwe kila akipita husema, "Wagonjwa pekee waliopata nafuu hapa ni mbuzi wa jirani."

Sasa kuna jambo ambalo mtaani hawalijui. Tulipooana, baba mkwe alitujengea chumba na sebule nyuma ya nyumba yake, pazuri, sakafu ya saruji, dirisha kubwa alilolichomelea mume wangu mwenyewe, na mzee yule anajua mipaka kuliko mtu yeyote hapa kwa hiyo siwezi kusema alikosea, alijua, alivuka jiwe la mpaka hatua nne akaingia ndani ya kiwanja cha zahanati, na lile jiwe liko chini ya kitanda chetu, limefunikwa na saruji. Mume wangu aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa kama utani. "Sisi tunalala nchi mbili," akasema. "Wewe na ukuta wako mko zahanati, mimi nimebaki nyumbani." Nilicheka. Siku hizi nikitandika kitanda sicheki.

Mwezi huu ofisi ya mipango miji imebandika tangazo kwamba ramani ya mtaa wetu inapitiwa upya, na mwenye maoni au pingamizi ayapeleke kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Siku ya pili yake asubuhi baba mkwe akaja nilipokuwa napiga pasi, akasimama mlangoni maana haingii kwetu bila kukaribishwa hata kama ni yeye aliyejenga.

"Mkwe wangu, una mwandiko mzuri, na wanawake wa mtaa huu wanakusikiliza. Nipigie mistari kwenye karatasi. Jina, nyumba, simu, sahihi. Kisha uzunguke nazo."

"Za nini, Baba?"

"Tunaomba zahanati ijengwe. Miaka kumi na saba inatosha."

"Na juu niandike nini?"

"Juu paache wazi. Kichwa kitakuwa kwenye barua, mchapaji ataziambatanisha."

Mshauri, nilifurahi mpaka nikaunguza kola ya shati la mtu. Huyu mdogo wangu kifua kinambana, kila wiki mbili namfunga mgongoni naenda naye hospitali ya mbali, tunatoka jua halijachomoza tunarudi jioni, mkubwa namwacha kwa majirani kama kifurushi, na nikakumbuka kwamba nilipojifungua huyu mdogo nilifika hospitali nimeshika nguzo ya mlango sijui kama nitaingia au nitazalia pale kizingitini. Nikapiga mistari na rula. Nikazunguka siku nne, mtoto mgongoni, nikapata sahihi arobaini na tatu. Kinyozi aliniona na karatasi akasema, "Umekuja kama mtu wa sensa. Andika, humu tuko watano na deni hatuna." Bibi mmoja asiyejua kuandika nilimshika mkono nikampaka wino kwenye dole gumba, akabonyeza, akaitazama alama yake akasema, "Sasa na mimi nimesema."

Wa kwanza kabisa alikuwa fundi cherehani, jirani wa nyumba ya nne. Huyu mama binti yake alishikwa na uchungu miaka miwili iliyopita, mchana kweupe, wakapata gari, na binti akafia njiani damu ikimtoka, hata nusu ya safari hawajafika. Mtoto alipona, yuko pale kwenye nyumba ya bibi yake, anachezea vifungo na vipande vya vitambaa. Nilipompa karatasi aliitazama akasema, "Hii mistari umeipiga rula au umeipiga pasi?" Akaniuliza, "Hii ndiyo ya zahanati?" Nikamwambia, "Ndiyo, Mama." Akasema, "Basi mimi niandike wa kwanza," akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaandika jina lake taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Wiki moja baadaye nilikwenda steshenari kutoa nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto. Dada mchapaji akaniambia, "Afadhali umekuja, mzee wenu alisahau nakala yake moja ya ile barua, mpelekee." Nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale. Ilisema kwamba sisi majirani tuliotia sahihi kwenye karatasi zilizoambatanishwa tumeshirikishwa na hatuna pingamizi lolote, kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya zahanati kibadilishwe matumizi kiwe cha makazi, na kirudishwe kwa aliyekitoa. Nikafunua. Nyuma yake kulikuwa na karatasi zangu, mistari yangu, mwandiko wangu kwenye majina ya wasiojua kuandika, fundi cherehani namba moja. Dada mchapaji akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Barua yenyewe ilikuwa imeshapelekwa ofisini siku mbili kabla.

Nilimkuta baba mkwe uani anakaza miguu ya kiti. Sikupiga kelele, Mshauri, mimi si mtu wa kelele. Nilimwekea ile nakala juu ya kiti. Akaitazama, akaendelea kupiga nyundo.

"Baba, uliniambia ni ya kuomba zahanati."

"Ningekwambia ni ya makazi ungezunguka?"

"Nisingezunguka."

"Basi." Akaweka nyundo chini. "Nilitoa ardhi yangu nikiwa na nguvu, nikapigiwa makofi. Makofi yale yamejenga nini? Niambie wewe uliyesoma. Mdogo wa mume wako anataka kuoa, atalala wapi, juu ya paa? Na ninyi je? Wakija kupima upya watakuta kitanda chenu kiko juu ya jiwe langu, watapiga alama nyekundu ukutani, mtatoka na watoto. Mimi nawalinda ninyi."

"Na wale waliotia sahihi?"

"Wale wamezoea kusubiri."

Nikaenda kwa mume wangu kazini, akavua ile barakoa ya kuchomelea akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama watoto, baba kakosea. Lakini wewe unataka nifanye nini, nikamshtaki baba yangu?" Nikamwambia sijasema kushtaki. Akasema, "Ukienda kusema kwa watu, ni kama umemvua nguo barabarani. Na chumba kikibomolewa tunakwenda wapi?" Akavaa barakoa yake akawasha moto, na mimi nikabaki nimegeuza uso kwa sababu ya ule mwanga, na kwa sababu nyingine.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Ofisi imemwambia baba mkwe kwamba sahihi ni nyingi lakini zinakosekana za nyumba sita zinazopakana na kiwanja moja kwa moja, hizo ni lazima, na baba mkwe ameniletea karatasi nyingine safi akasema, "Umalizie hizi sita, mkwe wangu, wewe wanakufungulia mlango." Nimekaa nazo siku tano. Nimedanganya kwamba mtoto anaumwa, na mtoto haumwi, nikaogopa hata kwa kusema hivyo. Juzi kwenye bomba la maji fundi cherehani akaniuliza, "Wamejibu?" nikamwambia, "Bado, Mama," na huo ni uongo wangu mwenyewe sasa, si wa mzee. Zimebaki siku kumi na moja kabla muda wa pingamizi haujafungwa.

Na usimwone baba mkwe kama shetani. Nilipotoka kujifungua huyu mdogo, mimi sina mama, yeye ndiye aliyenichotea maji mwezi mzima, mzee wa miaka sabini na ndoo mbili, wanaume wenzake wakamcheka akawaambia, "Chekeni, mikono yenu haina kazi." Mtoto akilia akiwa kwake ananyamaza. Ndiyo maana nimekwama. Nikisema, namwaibisha mtu aliyenitendea kama binti yake na huenda nikabomoa ukuta wanaolalia wanangu. Nikinyamaza, nitaishi mlango wa nne kutoka kwa yule mama, na kila mjamzito atakayepita mbele ya nyumba yetu kwenda hospitali ya mbali nitajua ni mimi niliyezunguka na karatasi. Je, niache tu kumalizia hizo sita na ninyamaze kuhusu zile arobaini na tatu? Au nizichome hizi nilizonazo niseme zimepotea? Au nimwachie mume wangu, maana ni baba yake? Nisaidie, Mshauri, sina mwingine wa kumuuliza ambaye halali nyumba hii.

Mimi, mama wa wawili.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa wawili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya kukujibu nikampelekea mtu aliyefanya kazi ya mipango miji miaka mingi, kwa sababu mambo ya moyo nayajua kidogo lakini ya ardhi sikutaka kubahatisha. Pole kwa mzigo. Pole ya kweli, maana umebeba mambo matatu kwa mgongo mmoja, na mmoja wa mizigo hiyo ana miezi mitano.

Pole imekwisha, sasa tugombane kidogo. Wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Unajua kwamba karatasi ya sahihi isiyo na kichwa inaweza kubandikwa nyuma ya barua yoyote duniani. Uliliona hilo, ndiyo maana ulimuuliza mzee, "Juu niandike nini?" Akakujibu paache wazi, ukanyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha. Si wewe wa kwanza. Watu wazima wenye vyeo wanasaini karatasi tupu kila siku kwa sababu aliyezileta ana uso mzuri. Lakini safari hii uso mzuri ulikuwa wako, na mlango ulifunguliwa kwa ajili yako, kwa hiyo anayepaswa kurudi kwenye milango hiyo ni wewe, si mume wako. Usimpelekee yeye. Kweli ni baba yake, lakini sahihi ni zako.

Nieleze kwanza kilicho mkononi mwako, maana nahisi hukijui. Ardhi ikishatengwa kwenye mpango uliopitishwa kwa ajili ya huduma fulani, zahanati, shule, makaburi, uwanja, hairudi kuwa ya aliyeitoa eti kwa kuwa imekaa tupu. Wala si ya afisa kuigawa. Inakaa pale ikiwasubiri watu wote, hata wale ambao hawajazaliwa. Ndiyo maana kuibadili kunahitaji tangazo, siku za pingamizi, na majirani waulizwe. Yule mtaalamu aliniambia neno hili: barua ya mzee ingefika mezani peke yake ingewekwa pembeni. Kinachoipa nguvu ni zile karatasi zako za rula. Kwa hiyo usijione mdogo katika jambo hili. Kwa sasa, kati ya kiwanja kile na kugeuzwa nyumba za watu, amesimama mama mmoja mwenye pasi, na kuna nyumba sita ambazo hajazibishia hodi.

Sasa nikujibu maswali yako. Kuacha zile sita na kunyamaza kuhusu zile arobaini na tatu, hapana. Mzee atatafuta mwingine wa kuzunguka, na majina ya wenzako yatabaki kwenye jalada yakisema wasichokisema. Kuchoma karatasi, hapana pia, ulizonazo ni tupu, utakuwa umechoma karatasi na kuongeza uongo mwingine juu ya ule wa bombani. Na usithubutu kwenda ofisini kuomba zile za kwanza kwa ujanja ili uzichane. Zikishapokelewa ni mali ya ofisi, na kuzigusa ni kosa litakalokugeuza wewe kuwa mwizi wa kesi hii.

Fanya hivi. Anza na mzee, leo, mchana, mume wako akiwepo. Mkaribishe akae ndani kwenu. Usimwombe ruhusa, mwarifu. Mwambie, "Baba, sahihi zile nilizichukua kwa maneno yasiyo ya kweli, na narudi kwa wenyewe kuwaambia. Nimekuja kwako kwanza ili usilisikie barabarani." Atakasirika. Mwache akasirike. Mtu aliyekuchotea maji mwezi mzima mbele ya wanaomcheka ana uwezo wa kubeba aibu, na anastahili kuambiwa ukweli na mtu anayempenda kabla hajaambiwa na mtu anayemchukia. Mumeo naye nina neno lake. Ndugu yangu, ulikiri mwenyewe kwamba baba amekosea, kisha ukavaa barakoa. Ivue. Huombwi kumshtaki mtu. Unaombwa kukaa kando ya mkeo anapozungumza na baba yako.

Halafu toka. Wa kwanza ni fundi cherehani, na kwake usianze na salamu ndefu. Mwambie aliyekudanganya ni nani na wewe ulimdanganya wapi, pamoja na lile "bado" la bombani. Usilie kabla yake. Machozi yako yatamfanya akubembeleze, na siku hiyo si zamu yako kubembelezwa. Akikufokea, pokea. Akikufukuza, rudi kesho yake. Kisha nyumba kwa nyumba, zote arobaini na tatu, ukiwa na karatasi mpya ambayo kila ukurasa, nasema kila ukurasa, juu yake umeandikwa kwa maneno kamili: sisi tuliotia sahihi hapa tunapinga kiwanja kilichotengwa kwa zahanati kubadilishwa, na sahihi zetu zilizowasilishwa awali zilichukuliwa kwa maelezo yasiyo ya kweli, tunaziondoa. Asiyejua kusoma, msomee mpaka mwisho mbele ya shahidi ndipo abonyeze dole. Na zile nyumba sita zipitie pia. Mzee alisema kweli kwamba wewe wanakufungulia mlango. Toa nakala mbili, peleka zote ofisini, moja waipokee na nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, na hiyo urudi nayo mkononi. Karani akikwambia, "Acha tu hapo mama, tutaigonga baadaye," kaa kwenye benchi. Mtoto mgongoni ni msaada mkubwa kwenye ofisi za namna hiyo, hasa akianza kulia.

Tukija kwenye chumba chako, sitakudanganya. Kinaweza kubomolewa. Hatua nne ndani ya kiwanja cha umma ni hatua nne, na jiwe halifutiki kwa saruji. Lakini mtaalamu wangu anasema kuna njia halali ambayo mzee wenu, kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, alipaswa kuwa wa kwanza kuikumbuka: katika siku hizi hizi za maoni, mwombe aandike barua yake ya pili, ya ukweli, aseme kuta zake zimevuka mpaka, aombe mstari usogezwe kama kiwanja kinatosha zahanati bila kipande hicho, au apewe muda wa kubomoa mwenyewe na kujenga upande wake. Wanaweza kukubali. Wanaweza kukataa. Anayejitaja mapema husikilizwa kuliko anayekutwa, na mkikataliwa mtakuwa na muda wa kupanga, si asubuhi moja ya alama nyekundu na vyombo nje.

Na katika barua hiyo hiyo aandike uchungu wake, maana anao, nao ni wa haki. Mtu alitoa ardhi kwa hiari, wakaipaka rangi kwenye ramani, wakaondoka miaka kumi na saba. Hilo ni kosa, nalisema wazi: kutenga bila kujenga ni kumfanya mtoaji aonekane mjinga machoni pa wanawe. Aulize kwa maandishi zahanati iko kwenye mpango wa mwaka gani, na adai jibu kwa maandishi. Sahihi arobaini na tatu nyuma ya swali hilo zingekuwa na uzito, na angezipata bila kumdanganya mtu. Mwambie hivyo. Mwambie kwamba wale aliosema wamezoea kusubiri, walikuwa wanamsubiri yeye asimame tena kama alivyosimama siku ile ya mkutano. Huenda asisimame. Wewe nenda hata hivyo.

Unaniuliza utaishije mlango wa nne kutoka kwa yule mama. Kwa kweli sijui kama atakusamehe. Alimzika binti yake, kisha akaandika jina lake kwenye mstari wako wa kwanza, na hilo halirekebishwi kwa barua yangu. Ninachojua ni kwamba akilisikia kutoka kwako atakuwa na jirani aliyemkosea, na akilisikia siku wakichimba msingi wa nyumba pale, hatakuwa na jirani kabisa.

Majibu haya nimekutumia kwanza kwenye simu, siku ile ile nilipoyaandika, kwa sababu siku zako ni za kuhesabu na gazeti lina mwendo wake. Huku yanatoka kwa ajili ya wasomaji wengine wenye karatasi za kuzungusha. Wewe ukiyaona yamechapwa, nategemea fundi cherehani ameshayasikia kwa kinywa chako, na kwamba wala huna haja ya kuyasoma tena.